Kioo Ulichoniuliza, na Rangi ya Mama Yako

Nshambya, Jumapili jioni

Kemilembe mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi tukienda ibadani, na hali yangu unaijua, mgongo ni ule ule na ukali ni ule ule, kwa hiyo nayaruka hayo. Saa hizi uko Kashai kwa shangazi yako, umekwenda kuaga kwa ajili ya safari ya kesho. Kwa ninavyomjua dada yangu, hutaachiwa mpaka umalize sahani mbili za ndizi na uombewe na kila aliyemo ndani ya nyumba ile. Nimepata nafasi ya kukaa kwenye meza yako ya kazi na kuandika, maana kwa mdomo, kama ulivyoona juzi, naharibu.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kulala mapema na kuwaepuka watu wasioeleweka. Hayo unaambiwa sasa hivi na shangazi yako, naye anayaweza kuliko mimi. Mimi nataka kujibu swali lako.

Juzi nilikuwa uani nachambua maharage, ukaja ukasimama mbele yangu ukaniuliza, "Tata, nikifika Mwanza ninunue kioo gani cha kompyuta?" Nikakujibu nunua chochote, vioo vyote ni vioo, nikainuka na ungo wangu nikaingia ndani. Ulikuwa na haki ya kushangaa. Mtu amekaa kwenye kazi ya picha tangu hujazaliwa, amekufundisha mwenyewe kushika kamera na kukata video, halafu siku unayomuuliza jambo la maana anakujibu kama mtu wa kupita njiani.

Kioo gani ununue nakijua, mwanangu. Kilichonikimbiza ni maneno uliyoongeza. Ulisema unataka kioo cha kweli, chenye rangi zisizodanganya, kwa sababu kazi yako ya kwanza kabisa ukifika utaisafisha ile picha ya mama yako iliyo ukutani sebuleni, uichapishe kubwa, uitundike chumbani kwako. Ulisema kwa furaha. Nami nilishindwa kukutazama.

Nitalifikia hilo. Ngoja nianze na kioo, nipate nguvu.

Ukiingia dukani, usikimbilie ukubwa wala mng'ao. Wauzaji huwasha vioo vyote kwa mwanga wa juu kabisa na rangi zilizokolezwa, ili kila kitu kionekane kitamu, nyanya iwe nyekundu kupita nyanya. Omba wayazime hayo madoido, wakirudishe kwenye hali yake ya kawaida. Uliza kama ni cha aina ya IPS, ile isiyobadili rangi ukitazama kutoka pembeni. Kisha fungua picha ya kijivu kitupu, kijivu cha katikati, hakuna kitu kingine ndani yake, ukae mbele yake, usimame, uiname, uende pembeni. Kijivu kikigeuka njano au zambarau kila unaposogea, shukuru na uondoke. Uliza pia kama kinafikisha rangi zote za kipimo cha sRGB, maana ndicho kipimo cha picha nyingi za simu na mitandao. Ukiona hiyo kazi ya matangazo na filamu uliyoniambia inakuja kweli, tafuta kinachofika mbali kwenye P3 pia, kile kipimo kipana zaidi cha watu wa filamu. Vizuri vingine huja na karatasi ndani ya boksi inayoonyesha kwamba kilipimwa kiwandani, na kosa lake la rangi ni dogo kiasi gani. Isome hiyo karatasi. Kama ni kuchagua kati ya kikubwa cha kupendeza na kidogo cha ukweli, chukua kidogo.

Na baada ya hapo usikiamini. Kioo kinazeeka, mwanga wake unafifia, rangi zinahama polepole na wewe unahama nazo bila kujua. Kuna kifaa cha kupimia rangi, unakilaza juu ya kioo kinasoma chenyewe na kukirekebisha. Kama hukiwezi peke yako, changeni na wenzako mnunue kimoja mtumie wote. Mimi sikuwa nacho. Wala sikujua kwamba kipo.

Hujui nilivyoanza, kwa sababu ulipopata akili ulikuta studio ina jina. Nilikuwa na chumba kimoja kule mjini, karibu na soko, ukuta umepakwa kijani cha majani mabichi kwa sababu fundi alikuwa na rangi iliyobaki kwenye kazi nyingine. Kompyuta nilikuwa nayo, kioo chake kikafa. Kuna ofisi ilikuwa inauza vyombo vyake vya zamani, nikapata kioo kilichokuwa kimekaa miaka kwenye meza ya mhasibu. Kilikuwa hafifu na chenye unjanounjano. Mimi nilikiona kizuri. Macho ya binadamu yana tabia hiyo, yanazoea, na yakishazoea yanaapa.

Sasa fuata hesabu hii, wewe unaielewa kuliko wengine. Kioo ni cha giza, kwa hiyo kila picha naiona ina giza, naiongezea mwanga. Kioo kina njano, kwa hiyo kila picha naiona ya njano, naisukuma kwenye bluu. Naridhika, natuma kwa mchapishaji Mwanza. Zikirudi, watu wangu wote wamekuwa weupe, tena weupe wa majivu.

Unadhani wateja walilalamika? Walinishangilia. Unawajua watu wetu. Mtu anaketi mbele ya kamera, anajipangusa jasho, halafu ananong'ona, "Waitu, nitoe mweupe kidogo." Maharusi walikuja kutoka Muleba, wakaja hata kutoka Kimwani, wanapita studio tatu zilizo karibu nao, kwa sababu kwangu mtu akiingia mweusi anatoka maji ya kunde. Yule mchapishaji wa Mwanza alinipigia simu mara moja akaniuliza, kwa upole, mbona watu wangu wote wanaonekana kama wametoka kuumwa. Nikamwambia hajui soko. Nilicheka sana siku ile, nikamsimulia mama yako nikitegemea naye acheke.

Hakucheka. Mama yako hakuipenda ile studio. Aliipenda pesa ya ada iliyotoka humo, hilo hakulificha, lakini picha hapana. Alikuwa akizishika zikija kutoka Mwanza, anaziangalia moja moja, anauliza huyu ni nani. Namwambia ni fulani, unamjua, tunasali naye. Anasema, "Aa," anaiweka chini. Kila nilipomwomba nimpige alikataa. Na zile za harusi yetu, unajua, tuliziacha kwenye sanduku kule kwetu Buganguzi na mchwa wakafanya kazi yao. Ndiyo maana mke wa mpiga picha hakuwa na picha. Watu walitutania sana kwa hilo.

Alikubali mara moja tu, alipokuwa ameshaanza kuumwa. Ilikuwa alasiri, hapa hapa uani, tumeanika kahawa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda amevaa kitenge chake cha rangi ya chungwa, nawe umelala mapajani pake, una miaka mitano. Akasema mwenyewe, nenda kachukue kamera. Nilitoka mbio. Niliporudi alikuwa amekulaza kwenye mkeka, ameketi wima, ameniangalia moja kwa moja, akaniambia, "Nipige. Lakini usinifanye kama wateja wako. Niache nilivyo."

Nikamwahidi. Nilimpiga picha tatu. Ya kwanza alifumba macho, ya pili ilitikisika. Ya tatu ndiyo hiyo.

Alipofariki, ilitakiwa picha kesho yake. Unajua mambo ya msiba wetu yanavyokwenda. Mwili unatoka mjini kwenda Buganguzi kwenye kibanja, shamba la ukoo, na picha inatangulia, iwe kubwa, yenye fremu, isimame karibu na jeneza watu wakipita kuaga. Ndugu walinipigia simu usiku kucha, nani analeta turubai, nani anakwenda kumpokea mchungaji. Mimi nimejifungia studioni na mama yako yuko kwenye kioo kile. Nilimwona yuko gizani. Hicho ndicho nilichokiona, Kemi, naapa. Nilimwona amekaa gizani na ana njano ya ugonjwa, nikasema siwezi kumpeleka mbele ya watu hivi. Nikamtoa gizani. Nikaiondoa ile njano. Nilifanya kazi ile kwa mapenzi yangu yote na kwa mikono yenye uzoefu, nikalia, nikaona sasa ndiye. Halafu nikahifadhi juu ya ile ile, sikuweka nakala pembeni. Kadi ya kamera ilikuwa moja, na wiki iliyofuata nilikuwa na harusi. Nikaifuta kadi yote.

Ukiwa na kichwa kizito, mwanangu, usiguse picha ya asili. Tengeneza nakala, uifanye utakavyo hiyo nakala, uiharibu hata. Ya asili iache ilale. Hili huwa nakupigia kelele mpaka unafumba masikio, sasa unajua lilikotoka.

Kule Buganguzi picha iliwekwa juu ya meza chini ya turubai, na maua ya migomba pembeni. Watu walipita wakaisifu. Walisema Leonia ametoka vizuri, ametoka kama malaika. Kisha akaja mama yake, bibi yako wa Kimwani, anashikwa mikono na wanawake wawili. Akasimama mbele ya picha, muda mrefu, mpaka watu wa nyuma wakaanza kusukumana.

Akaniuliza, "Huyu ni nani mmemweka hapa?"

Nikamwambia, "Mama, ni Leonia."

Akasema, "Leonia namjua. Nimemzaa mimi."

Nilikasirika. Nilidhani ni uchungu unasema, na pia nilidhani ananidharau mbele za watu, mkwe wake fundi picha. Nilijibu jambo ambalo mkwe hajibu, nisingependa kuliandika hapa. Tangu siku ile mimi na Kimwani tuliachana. Sikukupeleka kule likizo hata moja, na bibi yako alikufa miaka michache baadaye bila kukuona tena. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini wenzako wana watu wa upande wa mama, nami nikawa nasema Kimwani ni mbali. Kutoka hapa Kimwani si mbali kiasi hicho.

Lakini lililo gumu zaidi kuliandika ni wewe. Ulikuwa mdogo, hukumbuki, na mimi nimeitumia sana hiyo bahati ya kutokumbuka kwako. Siku ile ulipita mbele ya picha umeshika mkono wa shangazi yako, ukaiangalia, ukaendelea kutembea bila wasiwasi wowote. Watu walisema mtoto hajaelewa. Tuliporudi Nshambya, majirani wakaja kutupa pole, ukawaeleza wewe mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwamba aliyekufa ni mama mmoja mweupe, tumemzika Buganguzi, na kwamba mama yako amekwenda Kimwani atarudi. Wanawake wakaanza kulia upya. Uliwatazama ukawashangaa.

Ukamngoja. Kila gari dogo lililosimama pale barabarani ulikwenda getini. Sikuwa na moyo wa kukuzuia, nikawa najifanya nina kazi. Shangazi yako ndiye aliyesema hali hii haifai, mtoto lazima aelezwe. Basi nikaitundika ile picha sebuleni, na kila jioni nikawa nakubeba, nakuinua mpaka usawa wa fremu, nakuambia, huyu ndiye mama, mwambie mama usiku mwema. Ukawa unageuza uso. Ukawa unasema, "Si yeye." Nikawa nakushika kidevu nakugeuza. Sikukupiga, lakini nilikulazimisha, jioni baada ya jioni, kwa sauti ya upole. Nilidhani nakusaidia kukubali kifo.

Kuna jioni moja hukugeuza uso. Ulisema usiku mwema, mama, ukaibusu picha kwenye kioo chake. Nilifurahi, Kemi. Nilimpigia simu shangazi yako kumwambia. Leo nikiikumbuka jioni ile, natamani mtu angeninyang'anya mtoto.

Kile kioo cha mhasibu kilikufa ukiwa kidato cha pili. Nikanunua kingine, kipya, cha IPS, hiki hiki kilicho mbele yangu hapa mezani. Nilikiwasha nikadhani kimeharibika. Nilifungua kazi zangu za zamani, maharusi, vipaimara, wazee wa usharika, wote wamekuwa na uso wa majivu, Muleba nzima imepauka. Nilikwenda jirani kwa mwenzangu nikazifungua kwenye chake. Vile vile. Nikachukua jani la mgomba na tunda moja la kahawa mbivu kutoka uani, nikavipiga picha, nikaviweka pembeni ya kioo kipya nikalinganisha. Kijani kilikuwa kijani hicho hicho, na wekundu ulikuwa huo huo. Kioo kilikuwa sahihi. Kisha nikamfungua mama yako.

Nilifunga studio siku ile, nikasema naumwa. Uliniletea uji. Nilijaribu kumrudisha, nimejaribu kwa miaka, wewe ukiwa shuleni na hata baadaye ukilala. Haiwezekani, na wewe mwenyewe utajua kwa nini mara utakapoikuza. Pale kwenye paji la uso na mashavuni niliongeza mwanga mpaka rangi ikakatika. Hakuna kitu pale chini, ni weupe mtupu. Ukiweka weusi juu yake, utakuwa unamchora mtu wa kubuni. Kioo chenye usahihi mkubwa kuliko vyote Mwanza kitakachokuonyesha ni kazi ya mikono yangu, kwa usahihi huo huo.

Nilipaswa kukuambia siku ya uji. Nikasema amalize mtihani kwanza. Halafu nikasema ngoja apate chuo. Wengine nao walinyamaza, na siwalaumu. Nani atamwendea yatima amwambie picha ya mama yako si ya kweli? Shangazi yako alijaribu mara moja, nikamkata jicho mbele ya wageni.

Halafu mwaka jana akaja yule rafiki yako mliyesoma naye. Mimi nilikuwa jikoni, nyinyi sebuleni. Nikamsikia anasema mama yako alikuwa mweupe, jamani, alikuwa mzuri. Nawe ukajibu, "Eeh. Mimi sikubahatika, nimefuata kwa baba."

Mkacheka. Mimi nikabaki nimeshika sufuria.

Utazame mkono wangu kesho asubuhi nikikubebea begi. Mimi ni maji ya kunde, Kemi. Dada yangu ni maji ya kunde, baba yetu alikuwa hivyo, ukoo wetu mzima huna pa kuupata huo weusi wako. Kwao Kimwani mama yako walimwita Mweusi na akaitika. Alikuwa mweusi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpiga picha, weusi usio na wekundu ndani yake, na akishaoga akajipaka mafuta, mwanga wa dirishani ulimkaa mashavuni hapa na hapa, chini ya jicho. Nimehangaika kutafuta mfano wa rangi hiyo, mimi ambaye kazi yangu ni rangi, nikashindwa. Kisha unapita na ndoo.

Ni wewe. Hukunifuata mimi kwa lolote ila ukali na hayo masikio. Hiyo ngozi unayoipaka poda kabla ya kutoka, na ambayo juzi nimeikuta kwenye kompyuta hii umeipandisha mwanga kwenye picha yako mwenyewe, ni yake yote. Sikukwambia kitu, kwa sababu aliyekufundisha kufanya hivyo ni mimi.

Nimesema sitahubiri, na sihubiri. Utapata wateja Mwanza watakaonong'ona uing'arishe ngozi yao kidogo, na watakaolipa ndio hao, nawe utahitaji kula. Sikukatazi. Mimi nimekusomesha kwa hela hizo. Ila ujue kwanza mtu huyo ana rangi gani. Kaa ndani ya chumba chenye kuta za kijivu au nyeupe, usikubali ukuta wa kijani, usivae hata fulana nyekundu ukiwa unahukumu rangi, maana inarudi kwenye kioo. Kiache kioo kiwake kama nusu saa kabla hujaamua jambo. Punguza mwanga wake mpaka ukaribiane na karatasi nyeupe iliyo mezani. Mfanye mtu alivyo, ukamilishe, uhifadhi pembeni. Baada ya hapo ukimng'arisha anavyotaka, angalau kuna mahali duniani ambapo yeye mwenyewe yupo, na mtoto wake akija siku moja kumtafuta atamkuta.

Picha ya sebuleni nimeishusha leo mchana ulipokuwa unafua. Utaikuta ndani ya begi, katikati ya mashuka. Nilifikiri kuichoma, nikaona sina haki hiyo. Umeiambia usiku mwema miaka mingi, na hizo salamu zilikuwa za mama yako kweli, zilikwenda kwake hata kama uso haukuwa wake. Iweke au iache, utakavyo. Ukinikasirikia nikasirikie, nimejiandaa, na simu yangu nitaiacha wazi hata kama ni ya kunitukana. Bibi yako wa Kimwani siwezi kumwomba radhi tena. Lakini ndugu wa mama yako wapo, wajomba wawili, na nimewatumia ujumbe leo kwamba ukipata likizo utakwenda kwao. Wamejibu mara moja, kumbe walikuwa wanangoja.

Sasa nimesikia mbwa wa jirani, nadhani unakuja, kwa hiyo nimalize. Kioo nunua kizuri, kile nilichokueleza, nami nitaongeza ninachoweza. Ukishakipima ukaridhika nacho, mwombe mwenzako akupige picha moja asubuhi, dirishani, bila poda. Usiiguse popote. Ichapishe kwenye karatasi uipe mtu anayekuja Bukoba, usiitume kwa simu. Pale sebuleni pameachwa wazi na msumari upo. Miaka yote hii nilikaa bila picha ya mama yako na sikuumia sana, maana ulikuwa ukipita humu ndani kila siku. Kuanzia kesho nitaihitaji.

Baba yako